Priampu ya kurekodia gitaa kavu: anza hesabu kwenye vidole vya mpigaji

Mwezi wa saba, kwenye ile baridi ya Mbeya inayoshuka kutoka Loleza, mzee mmoja alikuja kwangu kutoka Tukuyu na gitaa lake kavu amelifunga kwenye blanketi, maana begi lake lilishachanika siku nyingi. "Mugonile, tata," nikamsalimu kwa Kinyakyusa. Akaitikia, akakaa, akapasha mikono kwenye kikombe cha chai karibu robo saa kabla ya kugusa nyuzi. Anapiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, tena kwa upole, kiasi kwamba mtu akivuta kamasi chumbani amemfunika. Nikamwekea maiki, nikafungua geini, yaani kitufe cha kukuza sauti ya maiki, kwenye saundi kadi inayoiingiza kwenye kompyuta, mpaka ikagota, na kwenye skrini wimbi likaonekana jembamba kama uzi wa kushonea. Nikalikuza kwenye kompyuta. Gitaa likaja juu, na nyuma yake ikaja shhhh moja kama maandazi yanatumbukizwa kwenye mafuta.

Jibu nililokuwa nalo kichwani lilikuwa la kununua. Priampu ni sakiti inayokuza umeme mdogo wa maiki; saundi kadi ina yake ndani, na zipo za kununua peke yake. Nilishasikia habari za Neve 1073, ya tangu 1970, na zile za bei nafuu zilizotengenezwa kwa kuiiga, nikaamini ninachokosa ni mojawapo ya hizo. Bahati nzuri mfuko ulikuwa mtupu. Kabla ya mambo ya studio nilikuwa fundi redio kwenye benchi la mjomba wangu pale Mwanjelwa, na mjomba alikuwa mkali kwenye jambo moja: hugusi spea kabla hujapima. Nikachukua kalamu. Nikaona kwamba ile priampu ingeniponya kweli, lakini kwa mtindo wa kuuza shamba ili ununue jembe.

Kujumlisha na kutoa

Watengenezaji wa maiki hupima bidhaa zao kwa sauti ya desibeli 94, kisha huandika maiki imetoa umeme kiasi gani. Kwenye karatasi ya Shure SM57 utakuta −56 dBV, yaani desibeli 56 chini ya volti moja. Kwenye karatasi ya Rode NT1-A utakuta karibu −32. Tofauti ni desibeli 24, ambayo kwa volti ni kama mara kumi na sita. Maiki ya kwanza ni dainamiki, isiyohitaji kulishwa umeme; ya pili ni kondensa, inayolishwa umeme kupitia waya wake. Mzee nilimwekea ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo na ndiyo kila mtu hapa mjini anayo, kuanzia kanisani hadi kwenye mikutano ya hadhara.

Sasa mfuate mpigaji. Niliweka simu yenye programu ya kupima kelele sentimita 30 kutoka kwenye gitaa la mzee. Ikasoma desibeli 70 hivi. Simu si chombo cha maabara, ila kwa hesabu hii inatosha. Sabini ni pungufu ya 94 kwa 24. Kwa hiyo SM57 pale ilikuwa inatoa −56 ukiondoa 24 zaidi, yaani −80 dBV, na ukihamia dBu, kipimo kingine cha umeme kinachotumika kwenye karatasi za saundi kadi, unaongeza mbili na kidogo, unapata −78.

Upande wa pili wa waya, saundi kadi nyingi za mezani hujaa na sauti kuanza kupasuka zikifikiwa na karibu +10 dBu geini ikiwa chini kabisa. Mimi nataka gitaa liwe kwenye wastani wa −18 kwenye mita ya kompyuta, ambako sifuri ndipo sauti inapopasuka, ili akikung'uta ghafla pabaki nafasi. Hapo natakiwa kulifikisha −8 dBu. Kutoka −78 hadi −8 ni desibeli 70. Saundi kadi yangu, Focusrite Scarlett ya kizazi cha tatu, ina geini ya 56. Nimepungukiwa 14, na hakuna kitufe cha kuzileta.

Rudia hesabu hiyo kwa NT1-A. Inatoa −56 dBV, au −54 dBu. Geini ya 46 inamaliza kazi, na saundi kadi ile ile inabaki na akiba ya desibeli 10. Wala sijabadilisha priampu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue priampu gani, mimi namuuliza kwanza ana maiki gani na anapiga vipi. Mpigaji wa kwaya anayechapa nyuzi zote sita kwa nguvu anaweza kufika desibeli 85 au 90 kwa umbali ule ule, na huyo hata SM57 kwenye saundi kadi ya kawaida inamtosha. Mpigaji wa vidole vya taratibu anahitaji maiki inayotoa umeme mwingi, au geini nyingi, na kati ya hivyo viwili maiki huwa ni rahisi zaidi kupata.

Ukiwa na dainamiki tu na hela ya kondensa haipo, kuna visanduku vidogo vya kuongeza nguvu vinavyokaa kati ya maiki na saundi kadi: Cloudlifter CL-1, FetHead, Klark Teknik CM-1. Vinaongeza kama desibeli 25 kwa kutumia umeme wa fantomu, zile volti 48 zinazopanda kwenye waya wa maiki. Kumbuka tu kwamba vya aina hiyo kwa kawaida havipitishi fantomu kwenda mbele, kwa hiyo usivichomeke kwenye kondensa ukashangaa kimya. Saundi kadi nazo zimesogea: Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne ina geini ya 69. Anayenunua leo anaweza asilijue kabisa tatizo langu.

Shhhh inatoka wapi

Priampu yoyote ina upepo wake, yaani shhhh yake yenyewe. Kwenye karatasi yake tafuta namba iitwayo EIN, kipimo cha upepo huo, ambayo huandikwa kwa dBu na alama ya kutoa. Karibu −128 ni nzuri sana. Mwisho wa dunia, kwa maiki ya omu 150, ni karibu −131, kwa sababu hata ukinzani wenyewe wa waya una kelele yake ya joto. Anayekutangazia −140 anakuuzia maneno.

Jambo lililonishangaza nilipofanya hesabu ni hili. SM57 kwenye priampu ya −128 ina upepo unaolingana na chumba chenye kelele ya desibeli 20. Chumba changu saa saba mchana kinasoma zaidi ya 40: bajaji, watoto wa jirani, malori ya Tunduma yanayobadilisha gia kwenye mlima, bati linalolia likipata jua. Saa saba usiku kinashuka mpaka karibu 30. Kwa lugha nyingine, priampu nzuri iko kimya kuliko nyumba yangu kwa mbali, na fedha niliyotaka kuitupa kwenye priampu ingesikika zaidi kama ningeitumia kwa magodoro mawili na pazia zito. Shhhh huchoma sikio kuliko mngurumo wa lori kwa sababu iko juu, kwenye eneo la kucha na nyuzi, kwa hiyo simaanishi kwamba EIN haina maana. Namaanisha inaanza kuwa na maana chumba kikishatulia. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ikigonga bati, weka vifaa kabatini ukale mahindi ya kuchoma.

Ukienda kununua priampu iliyotumika, nenda na kipimo cha benchi. Nunua rezista ya omu 150, iunge kwa lehemu kati ya pini namba 2 na namba 3 ya plagi ya maiki ya kiume, ifunge. Ni kitu cha bei ya pipi. Chomeka kwenye priampu mahali pa maiki, fungua geini mpaka mwisho, vaa hedifoni usikilize. Unachosikia ni priampu yenyewe, bila chumba wala maiki. Upepo laini usiobadilika ni sawa. Ukisikia mvumo mzito kama wa nyuki, huo ni umeme wa ukutani, hetsi 50 na watoto wake 100 na 150, na unaingia kwa sababu ya kapasita zilizochoka au transfoma iliyolegea. Zungusha kitufe cha geini polepole, kikichakacha, kimechakaa. Halafu toa rezista, weka kondensa, washa fantomu, subiri dakika tatu. Mlio wa kupasukapasuka kama chumvi motoni maana yake kuna kapasita inavuja. Niliwahi kumfanyia muuzaji mmoja jambo hili mbele ya wateja wake, bei ikashuka yenyewe.

Safi au yenye rangi

Ukishapata geini ya kutosha na upepo mdogo, kinachobaki ni ladha, na hapa watu hugombana hadi usiku. Kuna priampu zilizojengwa zisiongeze kitu, kama za Grace Design na Millennia. Kuna zenye transfoma mwanzo na mwisho, kama ile 1073, ambazo ukizisukuma zinanenepesha sauti za chini na kulainisha ncha.

Msimamo wangu ni mmoja. Gitaa kubwa lenye kifua kipana, lililotengenezwa vizuri, lipe priampu safi. Lina mwili wake tayari, na ukiliongezea unene linakuwa uji. Gitaa jembamba la bei ya chini, lile linalolia kama kopo kwenye nyuzi mbili za kwanza, ndilo linalofaidika na transfoma. Golden Age Project PRE-73 imenisaidia kwenye magitaa ya aina hiyo. Ina kitufe cha geini na kitufe cha kutolea, kwa hiyo unaweza kupandisha cha kwanza hadi transfoma ianze kutoka jasho, ukashusha cha pili saundi kadi isipasuke. Kama priampu yako haina kitufe cha kutolea, hiyo rangi wanayoitangaza huwezi kuifikia bila kupasua mbele.

Kuhusu valvu, mimi ni mtoto wa redio za valvu, nazipenda. Lakini vingi vya vifaa vidogo vya bei nafuu vina valvu moja ya aina ya 12AX7 inayopewa volti chache sana, wakati kwenye redio ya mjomba ilikula mia mbili na kitu. Taa ya rangi ya chungwa nyuma ya valvu inapendeza kwenye picha.

Kabla hujaamini masikio yako, jaribu gizani. Nilirekodi gitaa moja, nikalipigisha kupitia spika, nikaweka maiki mbele ya spika hiyo na kurekodi mara tatu kwa priampu tatu, ili upigaji uwe ule ule mpaka mdundo wa mwisho. Nikasawazisha sauti zote zilingane, ndani ya nusu desibeli, kwa sababu iliyo kubwa kidogo siku zote husikika nzuri zaidi. Mpwa wangu akabadilisha majina ya mafaili na kunichezesha. Ile ya transfoma niliijua mara saba kati ya kumi. Mbili zilizobaki, ya saundi kadi na ya kisanduku kilichonigharimu mara nne ya saundi kadi, nilikuwa nabahatisha tu. Kisanduku hicho nilikiuza.

Waya unaoharibu kila kitu

Wengi wanaonunua priampu ya nje wanaichomeka vibaya, wanaendelea miezi bila kujua. Saundi kadi nyingi zina tundu moja la kazi mbili: plagi ya pini tatu inaingia kwenye priampu ya ndani, jeki nene ya milimita 6.35 inaingia njia ya laini, ile ya sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukitoa sauti kwenye priampu yako mpya kwa waya wa pini tatu mpaka pale, umepitisha kwenye priampu mbili, na ile ya pili ni ile uliyotaka kuikimbia. Tafuta waya wenye plagi ya pini tatu upande mmoja na jeki yenye pete mbili nyeusi upande mwingine. Zima kitufe cha INST, kile cha kuchomekea gitaa moja kwa moja. Shusha geini ya saundi kadi mpaka chini, kisha fanya kazi yote kwenye priampu ya nje.

Umeme wa kwetu nao ni sehemu ya uchaguzi, ingawa hauandikwi kwenye matangazo. Saundi kadi ya USB inaendelea kwa betri ya laptopu umeme ukikatika. Priampu za nje, na kompresa za nje (vifaa vya kubana sauti ikizidi), zinakufa palepale, katikati ya wimbo. Kama una inverta, hakikisha ni ya wimbi laini; zile za bei rahisi zenye wimbi la ngazi ngazi zinaifanya transfoma ya kifaa ivume, na mvumo huo unaingia kwenye gitaa. Chaja ya laptopu nayo, ichomoe wakati wa kurekodi. Mvumo ukibaki, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja na tumia nyaya za pini tatu. Usikate waya wa athi ndani ya plagi, hata kama fundi wa jirani amekuambia unamaliza mvumo. Unamaliza mvumo na unaweza kumaliza mpigaji.

Na vifaa vilivyotumika kutoka Marekani: geuza nyuma uangalie swichi ya volti. Nilinunua kompresa kwenye duka moja, nikaambiwa chomeka tu, ni ya kimataifa. Swichi ilikuwa 115. Sisi tuna 230. Ilinipa sekunde nne za taa na harufu ambayo mke wangu aliisikia akiwa jikoni. Sikuangalia, na kuangalia ndiyo kazi niliyosomea.

Kompresa, na gitaa lenye jeki

Kompresa ya nje kwa gitaa kavu ni anasa, isipokuwa unarekodi moja kwa moja bila nafasi ya kurudia. Ukirekodi kwa biti 24 na kilele kisizidi −12, unaweza kubana baadaye kwenye programu na kujirudi ukikosea. Ukibana njiani, kosa linabaki kwenye faili milele.

Ukitaka kweli, jua tabia za koo mbili. Ile ya mtindo wa LA-2A inatumia mwanga: sauti inawasha taa, taa inabadilisha ukinzani, na kwa kuwa kitu hicho kina uvivu wa asili, inabana kwa kuchelewa milisekunde 10 hivi na inaachia taratibu. Gumba linagonga, mgongo wa noti ndio unaoshikwa. Ile ya mtindo wa 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam mwaka 1967, hata ikiwekwa polepole kabisa inakamata ndani ya mikrosekunde 800, chini ya milisekunde moja. Inakula mguso wa kucha wenyewe. Kwa gitaa la kuchapa katikati ya bendi, sawa. Kwa mzee wa Tukuyu ni dhambi. Vitufe vyake vya kasi pia vinageuzwa kinyume na unavyotegemea, kulia ni haraka zaidi. Kwenye kompresa ya kawaida naanzia uwiano wa 2 kwa 1, kushika milisekunde 30, kuachia 150, na sindano isishuke zaidi ya desibeli 3 au 4.

Gitaa lenye jeki lina kipokezi cha piezo chini ya daraja, na hicho kinataka kuchomekwa kwenye kitu chenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 au zaidi. Ukikipeleka kwenye njia ya laini, yenye kiloomu kumi tu, sauti za chini zinakatika na juu panalia kama bata. Kama gitaa halina betri yake ya ndani, tumia kisanduku cha DI, kinachopokea jeki ya gitaa na kuitoa kama maiki. LR Baggs Para DI ina megaomu 10 na ikwalaiza ya kutulizia huyo bata. Hata hivyo, mwenye maiki na chumba kimya aisahau jeki.

Mzee alirudi mwezi wa tisa. Tulianza saa sita usiku, magodoro yamesimama nyuma yake, laptopu kwenye betri, kondensa sentimita 25 kutoka freti ya kumi na mbili, imegeuzwa kidogo ikwepe tundu, maana kwenye tundu kuna besi ya karibu hetsi 100 inayomeza kila kitu. Geini ilikuwa nusu. Shhhh haikuwepo. Tukasikiliza wimbo wa kwanza kwenye hedifoni, mimi natabasamu, yeye amekunja uso.

"Mwanangu, nani huyo anafungua mlango?"

Kilikuwa kiti chake, kinalia kila anapopumua. Nikamletea kigoda cha jikoni, akakijaribu kwa kujitikisa mara mbili, tukarudia.